Damu ya Jokofu Imesingiziwa

Mgonjwa akiandikiwa damu katika mkoa wa Tanga, iwe Bombo, Muheza au Magunga kule Korogwe, ukoo mzima hushika simu. Anatafutwa kaka aliyeko Pangani, mjomba wa Mkinga, kijana wa jirani anayejulikana kuwa na kundi O. Wengi wao hawaji kwa sababu tu akiba ya hospitali imepungua. Wanakuja wakiamini kwamba damu inayotoka mkononi mwa ndugu saa ile ile, ingali na joto lake, ndiyo damu yenye nguvu, na kwamba ile iliyolala jokofuni wiki tatu imechoka, imeharibika, pengine ina sumu. Imani hiyo haiishii kwenye mabenchi ya wanaongoja wagonjwa. Imo vinywani mwa baadhi ya wahudumu, na kwa miaka kadhaa ilikuwa na watetezi wazito katika majarida makubwa ya tiba ya Marekani na Ulaya.

Ni imani yenye kosa, na kosa lake linaumiza watu. Damu iliyohifadhiwa vizuri, ikatumika ndani ya muda wake, haimdhuru mgonjwa kuliko damu mpya. Kinachochokoza kinga ya mwili wa mgonjwa hadi ikamgeukia mwenyewe ni seli nyeupe za mchangiaji zilizoachwa ndani ya mfuko, ni kingamwili zinazoogelea kwenye plazima, ni joto lililoingia njiani, na ni ile chupa ya pili ambayo mgonjwa hakuihitaji. Na ukiyaweka hayo yote mezani, damu mbichi ya ndugu wa karibu haitoki na sifa. Ndiyo inayobeba hatari moja kubwa kuliko zote.

Watetezi wa damu mbichi hawakujitungia hadithi. Mfuko wa kawaida wa damu huwa na mchanganyiko wa sitrati, fosfati, sukari na adenini, unaoizuia damu isigande na kuilisha kwa siku 35 katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6. Ndani ya siku hizo seli nyekundu hubadilika. Zinapungukiwa nishati, zinapoteza kemikali inayozisaidia kuachia oksijeni kwenye misuli na viungo, umbo lake la kisahani linaota miiba, nyingine zinapasuka. Potasiamu inapanda. Himoglobini inamwagika nje ya seli, na vipande vidogo vya ngozi za seli vinaelea ndani ya mfuko. Seli nyeupe ndizo zinazokufa mapema zaidi, na zikifa humwaga kemikali za kuitana vitani: zile zinazoleta homa, zile zinazopanua mishipa, na mafuta fulani yanayoziamsha seli za kinga za mgonjwa zikajikusanya mapafuni. Mgonjwa ambaye mwili wake tayari umewaka kwa malaria, usaha au jeraha kubwa anaweza kusukumwa hatua moja zaidi kwa mchanganyiko huo. Yote haya yamepimwa maabara na hakuna anayeyakana.

Mwaka 2008 hoja hiyo ilipata nguvu mpya. Madaktari wa Cleveland Clinic, Marekani, walifungua majalada ya wagonjwa 6,002 waliopasuliwa moyo na kuongezewa damu. Waliopewa damu iliyozidi siku 14 walifariki hospitalini kwa asilimia 2.8, na waliopewa damu changa zaidi kwa asilimia 1.7. Habari ikaenea upesi. Kuna hospitali zilizoanza kudai damu mpya kwa wagonjwa wao mahututi, na benki za damu zikaulizwa kwa nini zinatunza kitu kinachoua.

Lakini wagonjwa wale hawakugawanywa kwa kura. Waliopata damu ya zamani hawakulingana na wenzao kwa makundi ya damu wala kwa hali ya mioyo yao. Majalada yalionyesha vitu viwili vikitembea pamoja, hayakuonyesha kipi kilimvuta mwenziwe. Kulikuwa na njia moja tu ya kujua, nayo ni kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, hawa wapewe damu changa na hawa damu kongwe, kisha wafuatwe hadi mwisho.

Jaribio lenye uzito zaidi kwa msomaji wa pwani hii halikufanywa Boston wala Paris. Lilifanywa Kampala, katika Hospitali ya Mulago, chini ya Aggrey Dhabangi wa Chuo Kikuu cha Makerere akishirikiana na Walter Dzik wa Massachusetts General Hospital, na matokeo yake yakachapishwa Desemba 2015. Walichukua watoto 290 wenye umri wa miezi 6 hadi 60, ambao himoglobini yao ilikuwa 5 au chini, na damu yao imejaa asidi ya lakteti kwa sababu viungo vilikuwa vinakosa hewa. Hao ndio watoto ambao kila muuguzi wa Muheza au Handeni anawajua: weupe viganjani, wanapumua kwa kina, wengi wana malaria au selimundu. Nusu walipewa damu ya siku 1 hadi 10. Nusu walipewa damu ya siku 25 hadi 35, yaani ukingoni kabisa mwa muda wake.

Kama damu kongwe ingekuwa imechoka, hapa ndipo ingeumbuka. Baada ya saa 8, lakteti ilikuwa imeshuka hadi kiwango salama kwa asilimia 58 ya watoto waliopata damu kongwe, na kwa asilimia 61 ya waliopata damu changa. Tofauti hiyo haina uzito wa kitakwimu. Oksijeni ubongoni ilipanda sawasawa. Madhara yaliyofuata hayakutofautiana. Seli zilizokaa jokofuni mwezi mzima ziliamka, zikabeba hewa, zikawaokoa watoto kama zile za juzi.

Majaribio mengine yalisema hivyo hivyo, moja baada ya jingine. Kanada na Ulaya walifuatilia wagonjwa mahututi 2,430: baada ya siku 90, vifo vilikuwa asilimia 37.0 kwa damu changa na 35.3 kwa damu ya kawaida. Jaribio lililojumuisha wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi nne, likachapishwa 2016, lilipata asilimia 9.1 dhidi ya 8.7. Australia na wenzake, 2017, wagonjwa karibu 5,000: 24.8 dhidi ya 24.1. Watoto njiti wa Kanada, watoto mahututi wa Marekani, watu wazima wa upasuaji wa moyo, kote huko damu changa haikuokoa mtu wa ziada. Ukitazama tarakimu vizuri utaona kwamba katika majaribio hayo matatu makubwa waliopata damu changa walikufa wengi kidogo zaidi. Tofauti ni ndogo mno kuwa ushahidi, lakini hakika haiitetei damu mbichi.

Hapa wapo wanaofunga mjadala na kusema basi, damu ya benki ni salama, twende. Hao nao wanakosea, maana wanaruka jambo lililomo ndani ya jaribio la Mulago lenyewe. Damu yote iliyotumika pale, changa na kongwe, ilikuwa imechujwa seli nyeupe. Mulago ilithibitisha kwamba siku za jokofuni hazina hatia damu inapokuwa imechujwa. Haikutoa kibali kwa mfuko wa damu nzima usiochujwa, na hospitali nyingi za wilaya za Tanzania hutumia mifuko ya aina hiyo.

Tuhuma basi ihamishwe kutoka kwenye tarehe iende kwenye seli nyeupe, na huko ndiko ushahidi unakoelekea. Mwaka 1998 madaktari wa Uholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 914 wa upasuaji wa moyo. Kundi la kwanza lilipewa damu iliyoondolewa utando mweupe tu, yaani lile tabaka linalokusanya seli nyeupe, kundi la pili damu iliyochujwa kabla ya kuhifadhiwa, kundi la tatu damu iliyochujwa baada ya kuhifadhiwa. Katika siku 60, kundi la kwanza lilipoteza asilimia 7.8 ya wagonjwa wake. Makundi mawili yaliyochujiwa yalipoteza asilimia 3.6 na 3.3. Uingereza ilianza kuchuja damu yake yote mwaka 1999, ingawa sababu iliyoisukuma ilikuwa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Kanada ikafuata njia hiyo, na walipolinganisha vifo vya kabla na baada ya kuchuja, katika wagonjwa zaidi ya 14,000, vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 7.03 hadi 6.19, na homa za baada ya kuongezewa damu zikapungua.

Kichujio nacho kisigeuzwe imani mpya. Jaribio la Boston lililochapishwa mwaka 2002, lenye wagonjwa 2,780 wa kila aina, halikuona tofauti ya vifo kati ya waliochujiwa na wasiochujiwa. Maana yake ni kwamba faida haigawanyiki sawa kwa kila anayelazwa. Mtu aliyevunjika paja na kuongezewa chupa moja maishani mwake huenda asiitambue kabisa. Mtoto wa selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara ni habari nyingine.

Tanzania ina watoto takriban 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, na ukanda wa Tanga, uliokaa na malaria kwa karne nyingi, una familia nyingi zinazobeba kinasaba hicho. Kila mfuko usiochujwa anaowekewa mtoto wa namna hii unaufundisha mwili wake kuzitambua seli nyeupe za watu wengine na kuziundia kingamwili. Baada ya mifuko kadhaa, homa na kutetemeka vinamjia kila anapoongezewa damu. Na homa hiyo, katika wodi ya Tanga, haijulikani ni ya nini. Muuguzi wa zamu ya usiku anayemkuta mtoto anatetemeka nusu saa baada ya damu kuanza kuingia ana mambo manne ya kuwaza kwa pamoja: malaria iliyomleta, bakteria walioingia kwenye mfuko, damu isiyopatana, au seli nyeupe za mchangiaji. Damu inasimamishwa, mfuko unatupwa, ndugu wanaitwa tena. Kuchuja kabla ya kuhifadhi kungemwondolea muuguzi huyo moja ya maswali manne, na ndilo linalojitokeza mara nyingi zaidi.

Tukirudi kwa ndugu, hapo ndipo hoja ya damu mbichi inapoangukia upande wake wenyewe.

Miongoni mwa seli nyeupe wamo askari wanaoitwa limfosaiti. Zikiingia katika mwili wa mtu mwingine, kwa kawaida mwili huo huziona ni ngeni na kuziangamiza. Lakini ikiwa mchangiaji na mgonjwa wanashirikiana alama za kinga, kama inavyotokea kwa mzazi na mtoto au kaka na dada, mwili wa mgonjwa unaweza kushindwa kuzitambua. Zenyewe zinamtambua. Zinaota mizizi, zinaongezeka, zinaanza kushambulia ngozi, ini, utumbo na uloto wa aliyezipokea. Siku chache au wiki chache baada ya kuongezewa damu mgonjwa anapata homa, upele, kuharisha, kisha damu yake inakauka kwenye chanzo chake. Zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi wanaopatwa na hali hii hufa, na hakuna dawa ya kuaminika.

Japani ililijua jambo hili kwa uchungu. Wapasuaji wa moyo wa huko walipenda damu mbichi, mara nyingi ya jamaa wa mgonjwa, na miaka ya 1980 ilipofika ilionekana kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 660 wa upasuaji huo alikuwa anakufa kwa upele wa ajabu uliofuatiwa na uloto kukauka. Wagonjwa hao hawakuwa na kinga dhaifu. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa damu ya watu wanaofanana nao. Nchi ilipoanza kuipiga damu mionzi kwa upana, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, visa vikakoma. Mapitio ya visa 348 kutoka duniani kote, yaliyochapishwa 2015, yalionyesha kwamba karibu vyote ambavyo umri wa damu ulijulikana vilitokana na damu isiyozidi siku 10.

Siku 10. Jokofu linalolaumiwa ndilo linalozidhoofisha seli hizo. Kadiri damu inavyokaa kwenye ubaridi ndivyo limfosaiti zinavyopoteza uwezo wa kuota mwilini mwa mtu mwingine. Kwa hatari hii mbaya kuliko zote zinazotokana na kinga, damu ya wiki tatu ni salama kuliko damu ya saa tatu, na damu ya mtu wa Moshi asiyekujua ni salama kuliko damu ya mama yako mzazi.

Pwani inapaswa kulitazama jambo hili kwa makini zaidi, kwa kuwa ndoa za mabinamu si ngeni Tanga, Pangani wala Mombasa. Mtoto wa ami akioana na mtoto wa ami, alama za kinga za ukoo hurudiwa, na uwezekano wa mchangiaji wa nyumbani kuwa na seti ile ile mara mbili huongezeka. Hiyo ndiyo hali hasa ambayo mwili wa mpokeaji hushindwa kuiona hatari. Na upele wenye homa baada ya wiki mbili, mgonjwa akiwa ameshatoka hospitali, ni nani atakayeuhusisha na chupa ya damu aliyopewa? Utaitwa mzio wa dawa, utaitwa surua, utaitwa jina lolote jingine.

Lipo pia suala la mume na mke. Mwanamke ametokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, na mtu wa kwanza kujitolea ni mumewe. Ni jambo la mapenzi na hakuna wa kumlaumu. Lakini mwanamke aliyebeba mimba za mtu huyo huenda mwili wake umekwisha kuzijua alama za mume kupitia kwa watoto, na umeziundia kingamwili. Na kama haujaziunda, damu ya mume inaweza kuuchochea uziunde, zikaja kumshambulia mtoto wa mimba ijayo akiwa tumboni. Kwa sababu hizo wataalamu wa damu hushauri mume asimchangie moja kwa moja mke ambaye bado yumo katika umri wa kuzaa. Mama naye kumpa kichanga wake damu kuna kasoro ya aina hiyo: plazima yake inaweza kuwa na kingamwili dhidi ya kile ambacho mtoto amerithi kwa baba.

Kuna sababu ya karibuni zaidi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, sasa inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na anayefaa kuutoa ni kaka au dada wa tumbo moja. Mtoto wa Tanga anayetarajia tiba hiyo akiongezewa leo damu ya dada yake, mwili wake unaweza kujiandaa kumkataa mtu yule yule ambaye kesho ndiye mkombozi wake pekee. Daktari anayeruhusu hilo kwa kuridhisha familia anaiharibia familia hiyo nafasi isiyopatikana mara mbili.

Watetezi wa damu mbichi wana ngome moja iliyobaki, nayo ni madini ya chuma. Mwaka 2017 watafiti wa New York waliwatoa damu watu 60 wenye afya, wakaihifadhi wiki 1 hadi 6, kisha wakawarudishia wenyewe. Hadi wiki ya 5 mambo yalikuwa ya kustahimilika. Wiki ya 6 seli nyingi zilishindwa kuishi, zikamezwa na mwili kwa mkupuo, na chuma kikamwagika kwenye damu kikiwa huru. Chuma huru ni chakula cha bakteria. Jambo hili linaigusa Muheza moja kwa moja, kwani madaktari na watafiti wa Hospitali Teule ya huko walikwisha kuonyesha jinsi salmonela wanaoingia kwenye damu wanavyoandamana na malaria na upungufu wa damu kwa watoto. Kumpa mtoto kama huyo damu ya wiki ya 6 kungekuwa kosa. Lakini mifuko ya siku 35 huishia wiki ya 5. Kinachotakiwa ni kuheshimu kikomo kilichokwisha kuandikwa, bila kukirefusha hata kwa siku mbili akiba inapobana. Hakuna chochote katika utafiti huo kinachodai damu ya leo asubuhi.

Tena tarehe iliyobandikwa mfukoni haisemi lililo muhimu. Haisemi mfuko ulipitia joto gani kutoka kituo cha kanda cha Moshi kupitia Same, Mombo na Segera hadi pwani, wala umeme ulikatika saa ngapi, wala mfuko ulikaa juu ya meza ya wodi muda gani huku daktari akitafutwa. Damu iliyotoka jokofuni inatakiwa ianze kuingia ndani ya dakika 30 na imalizike ndani ya saa 4. Mfuko wa siku 4 uliotelekezwa mchana kutwa kwenye joto la Tanga ni mbaya kuliko wa siku 34 uliokaa kwenye nyuzi 4 muda wote. Anayemuuliza muuguzi "hii ni ya lini?" angemsaidia mgonjwa wake zaidi kwa kuuliza imetoka jokofuni saa ngapi.

Na kabla ya swali hilo lipo jingine: damu hii inahitajika kweli? Hakuna kichujio wala jokofu linalopunguza uchokozi wa kinga kuliko chupa isiyowekwa. Kanada ilionyesha tangu 1999, kwa wagonjwa mahututi 838, kwamba kusubiri himoglobini ishuke hadi 7 ndipo mtu aongezewe damu hakuongezi vifo. Katika jaribio kubwa la Uganda na Malawi lililochapishwa 2019, watoto wenye himoglobini ya 4 hadi 6 wasio na dalili za hatari waligawanywa: wengine wakapewa damu papo hapo, wengine wakaangaliwa kwa karibu na kupewa pale tu hali ilipozidi. Vifo havikutofautiana kitakwimu, na karibu nusu ya walioangaliwa hawakuhitaji damu kabisa. Jaribio hilo hilo liligundua kwamba watoto wenye homa walidhurika walipopewa ujazo mkubwa wa mililita 30 kwa kilo, ilhali wasio na homa walinufaika nao. Mtoto ambaye kinga yake imekwisha kuwaka hapaswi kumwagiwa damu nyingi kwa pupa.

Kusubiri huku si kumtelekeza mtoto. Kunataka muuguzi anayepita kila baada ya saa chache, kipimo cha himoglobini kinachofanya kazi, na damu iliyo tayari ikihitajika ghafla. Mtoto aliye chini ya 4, au anayepumua kwa shida, au aliyepoteza fahamu, apewe damu bila ubishi, yoyote inayopatana naye. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua asisubirishwe nukta moja kwa sababu ya mjadala huu.

Muheza hawana sababu ya kuogopa kuangusha imani kongwe. Hospitali Teule ilikuwa mojawapo ya hospitali 6 za Kenya, Tanzania na Uganda zilizoshiriki jaribio la kuwapa watoto wenye mshtuko maji mengi ya haraka ya mishipa, tiba iliyofundishwa dunia nzima kama jambo lisilo na shaka. Watoto 3,141 walishiriki. Jaribio lilisimamishwa mapema, Januari 2011, kwa sababu waliopewa maji hayo walikuwa wanakufa kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48, na wasiopewa kwa asilimia 7.3. Vitabu vya tiba vilibidi viandikwe upya kutokana na kazi iliyofanywa na wauguzi na madaktari wa Muheza na wenzao. Imani ya damu mbichi haina ulinzi mkubwa kuliko ule wa maji ya haraka.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la akiba. Ndugu wakiambiwa damu yao si bora kwa mgonjwa wao, husemwa, hawatakuja, na jokofu litabaki tupu. Hofu hii inamdharau mwananchi. Ndugu hakatazwi kuchangia. Anaombwa aruhusu damu yake iingie benki, ipimwe, ihifadhiwe, imwendee mgonjwa mwingine, huku wa kwake akipewa ile iliyochangwa na mtu baki wiki mbili zilizopita. Sehemu nyingi hivi ndivyo inavyofanyika tayari, ila familia hazielezwi, kwa hiyo zinaendelea kuamini kwamba damu ya kaka ndiyo iliyomwinua mgonjwa. Wakielezwa ukweli wanaelewa. Watu wa Tanga walielezwa habari za vyandarua wakavitumia, na malaria ikashuka Korogwe na Muheza kwa kiasi ambacho wazee wa miaka ya 1990 wasingekisadiki.

Pingamizi la pili ni la fedha, na hili lina uzito. Vichujio si rahisi, na kuchuja kila mfuko nchini leo ni ndoto. Basi waanze wanaonufaika zaidi: watoto wa selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara, wagonjwa wa saratani, wanaosubiri figo au uloto. Kwa wengine, vituo vya kanda vyenye mashine za kutenganisha damu viondoe angalau plazima na utando mweupe. Jaribio la Uholanzi limeonyesha kwamba hiyo haitoshi kuwa sawa na kuchuja, lakini inapunguza sehemu kubwa ya seli zenye lawama. Na kila homa, kila mtetemeko na kila kifua kilichobana baada ya damu kuwekwa viandikwe na kutumwa kituo cha kanda, maana hospitali isiyoandika madhara haiwezi kudai kwamba hayapo.

Mpango wa Taifa wa Damu Salama umekuwa ukiwaomba Watanzania tangu miaka ya 2000 wachangie kwa hiari, bila kungoja mgonjwa wa nyumbani. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba nchi inahitaji walau uniti sawa na asilimia 1 ya watu wake kwa mwaka. Kwa mkoa wa Tanga, uliohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2.6 katika sensa ya 2022, hiyo ni mifuko takriban 26,000. Mifuko hiyo haiwezi kupatikana kwa kupigiana simu usiku. Itapatikana ikiwa damu itachangwa siku za kawaida, kwenye vyuo, misikiti, makanisa, bandarini na kwenye mashamba ya mkonge, ikatunzwa, ikamkuta mgonjwa kabla ukoo wake haujaitwa.

Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne, mradi wawe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Msomaji aliye na sifa hizo aende wiki hii, akiwa hana mgonjwa wodini, na damu yake iachwe ikae jokofuni.